Boma la Ikoma na Deni la Kodi

Leo twataka kuwaeleza habari za boma la Ikoma, lililo juu ya kilima karibu na kijiji cha Robanda, wilaya ya Serengeti, katika mkoa wetu wa Mara. Boma hilo huhesabiwa miongoni mwa mahali pa kale pa taifa letu. Lakini hatutasema mawe na chokaa tu. Mawe yalikuwako vilimani tangu zamani, na nyani walikuwa wakiketi juu yake. Twataka kueleza jambo lililowafanya baba zetu wapande kilima kile na mioyo yao inadunda, nalo ni kodi. Na zaidi ya kodi, twataka kueleza jinsi mtu aliyekuwa nyuma katika kodi alivyojitoa katika deni lake, kama alijitoa.

Wakati mmoja tulipita chini ya kilima kile pamoja na wanachuo wa ualimu. Mmoja wao, mzaliwa wa Tarime, akauliza: “Mwalimu, ni adui gani aliyeogopwa hata ikajengwa ngome katikati ya pori?” Wenzake wakajibu kila mtu lake. Mmoja alisema Wamasai, mwingine alisema Waingereza. Nasi hatukumjibu siku ile, maana swali lilikuwa zuri kuliko majibu yote tuliyokuwa nayo. Maneno ya leo ndiyo jibu lake.

Kwanza hapana budi kujua hali ya nchi ilivyokuwa. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikaa kati ya mto Mara na mto Grumeti, wakilima mtama na ulezi, wakifuga, na kuwinda. Hawakuwa watu waliojifungia. Mikia ya nyumbu kutoka huku ilipelekwa Usukumani kwa biashara, nayo iliwaletea mifugo. Ng'ambo ya Mara, upande wa kaskazini, walikaa Wakuria: Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wakira na wengineo, kila ukoo na nchi yake na ng'ombe wake. Kisha katika miaka ya 1890 ikaja sotoka, yule mharibifu wa ng'ombe, ikapita toka kaskazini mpaka kusini mwa Afrika, ikaacha maboma matupu. Pamoja nayo ikaja njaa, na maradhi, na mashambulio ya watu wenye njaa kwa watu wenye njaa. Basi Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipofika kuishika nchi hii kwa mkono wao, waliikuta imekwisha kudhoofika.

Wadachi waliitawala nchi yetu kutoka Mwanza. Mwanza ni mbali, na siku zile safari ilikuwa ya miguu ama ya chombo ziwani. Kwa hiyo wakaweka vituo viwili chini ya Mwanza katika sehemu hizi: kimoja Shirati, karibu na ziwa, kuwaangalia Wakuria na Wajaluo, na kingine Ikoma, kuangalia bara upande wa mashariki. Boma la Ikoma likajengwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, la mawe, juu ya kilima, mahali ambapo mlinzi huona mbali pande zote. Yule mwanachuo aliyesema Wamasai hakukosea kabisa, kwani mashambulio ya kuteka ng'ombe yalikuwako, na Wadachi walitaka yakome. Lakini boma halikai miaka mingi kwa kungojea Wamasai. Boma ni mahali pa amri, na amri iliyomfikia kila mwenye nyumba, awe mpigaji vita ama mtu wa amani, ilikuwa kodi.

Kodi ya nyumba ilitangazwa na serikali ya Kidachi mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Hapo mwanzo iliwezekana kulipa kwa vitu ama kwa kazi. Mwaka 1905 sheria ikageuzwa: kodi ilipwe kwa fedha, na mahali ambapo kodi ya nyumba haikufaa, kila mwanamume mzima mwenye nguvu atozwe rupia 3 za kichwa chake, na asiyeweza kutoa fedha afanye kazi mpaka deni lishe. Rupia ile ilikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm amevaa chapeo yenye ndege juu yake. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na maki 20 za Ulaya, yaani rupia 3 zilikuwa maki 4 tu. Mtu wa Berlin angesema ni fedha kidogo. Lakini fedha si kidogo wala nyingi kwa hesabu yake. Ni kidogo ama nyingi kwa urahisi wa kuipata, na nyumbani kwa Muikoma wa mwaka 1905 rupia haikuota.

Tafadhali fikirini jambo hili pole pole, hasa ninyi wanafunzi. Mtu yule alikuwa na mtama ghalani, na mbuzi, na ngozi, na pinde. Hakuwa maskini kwa desturi za kwao. Siku jumbe alipokuja na habari ya rupia 3, alilala tajiri akaamka mdeni, ijapokuwa hakukopa kitu kwa mtu. Ili aipate rupia ilimbidi amtafute mwenye nayo, naye ni mfanyabiashara Mhindi ama Mswahili aliyenunua ngozi na samli, ama Mzungu mwenye shamba, ama serikali yenyewe yenye kazi za barabara. Basi kodi ilifanya kazi mbili: ilileta fedha bomani, na iliwatoa watu majumbani kwao kwenda kuitafuta. Wengi waliotunga sheria hizo waliitaka kazi ya pili kuliko ya kwanza.

Tena kodi ile ilihesabu nyumba, na nyumba za kwetu hazihesabiki kama za Ulaya. Mkuria mwenye wake watatu ana nyumba tatu, kwa kuwa kila mke ana nyumba yake na jiko lake. Kwa karani yule alikuwa na deni la rupia 9. Watu wengine wakafikiri hila, wakajibana wengi katika paa moja ili nyumba zipungue. Yalikuwa mambo ya aibu sana, maana kwa desturi baba mkwe hakai karibu na mke wa mwanawe, seuze kulala naye chini ya paa moja. Katika vitabu vya serikali hila hiyo huitwa kukwepa kodi. Hakuna mahali ilipoandikwa aibu waliyolipa badala yake.

Babu zetu walijua deni vizuri sana, wala msidhani lilikuwa jambo geni. Kwa Wakuria deni la ng'ombe wa mahari laweza kukaa miaka, likamfia baba likarithiwa na mwana. Lakini deni hilo lilikuwa na uso. Uliyemwia ulimjua, ulikula naye, na mkishindana mlikwenda mbele ya wazee katika ritongo, pale kila mtu asikizwe. Wazee wangeweza kusema: huyu ng'ombe wake wamekufa, asubiriwe mpaka mvua nyingine, ama alipe mitamba 2 sasa na dume baadaye. Deni la boma halikuwa na ritongo. Lilikuwa na tarehe. Ndilo lililowachoma wazee, zaidi ya zile rupia zenyewe, kwamba palikuwa na deni lisilosikia maneno ya mdeni.

Basi walijitoaje? Wenye mifugo waliuza, na aghalabu waliuza vibaya, kwa kuwa mnunuzi aliijua tarehe kama wao. Wasio na mifugo walitoa mikono yao: wakabeba mizigo, wakafyeka njia, wakachimba na kujenga. Wengine wakavuka. Mtu wa Tarime aliweza kuvuka mpaka akaingia upande wa Kenya, kwa ndugu zake wa ukoo mmoja, kwani mpaka ule ulichorwa na wageni katikati ya Wakuria. Lakini upande ule nako Waingereza walitoza kodi ya nyumba. Na aliyekimbia hakuliondoa deni, alilisogeza tu, aliyebaki nyumbani, ndugu ama baba mzee, ndiye aliyeulizwa na askari: “Yuko wapi?” Twaomba mlikumbuke neno hili la kuvuka, maana tutalirudia.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, mambo ya Wazungu yakapigwa juu ya vichwa vyetu. Wadachi wa upande huu waliishambulia Kisii mwezi wa Septemba mwaka ule. Mwanza ikashikwa na Waingereza mwezi wa Julai 1916. Watu wakadhani vita vimekwisha kwao. Lakini mwaka 1917 kikosi cha Kidachi kilichotoka kusini chini ya Kapteni Wintgens kilipenya kurudi kaskazini. Wintgens akashikwa na homa kali, akajitoa kwa maadui zake, na Luteni Naumann akaendelea na askari wale mpaka boma la Ikoma. Mwishoni mwa Juni 1917 Wabelgiji waliotumwa kumfuata walilishambulia boma, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Kuta zile za mawe ziliwafaa waliozijenga siku hiyo. Hazikuwafaa muda mrefu, maana Naumann hakukaa. Alizunguka nchi nzima mpaka akajitoa karibu na Kondoa mwanzoni mwa Oktoba. Nyuma yake na nyuma ya waliomfukuza zikabaki njia zisizo na nafaka, kwa kuwa jeshi lisilo na ghala hula katika ghala za watu.

Waingereza waliposhika nchi, makao ya utawala wa sehemu zetu yakawa Musoma, na boma la Ikoma likapungukiwa na kazi. Likabaki juu ya kilima likiangalia wanyama. Lakini kodi haikubaki kilimani. Mwaka 1922 ikatoka Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa. Rupia ikaondoka, shilingi ikaingia. Mwaka 1926 watemi wakapewa madaraka yao kwa sheria, na sehemu ya kodi ikaingia katika hazina ya wenyeji, ikalipa makarani, na barabara, na zahanati, na baadhi ya walimu. Yatupasa kuyasema haya, kwa kuwa sisi walimu hatuwezi kuitukana kodi yote kana kwamba hatukuonja mkate wake. Hata hivyo asiyekuwa na shilingi aliweza kutakiwa kuifanyia kazi kodi yake, kama zamani za Wadachi. Na katika miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipoanguka, bei za mazao na za ngozi nazo zikaanguka, ikawa mtu auza zaidi apate shilingi zile zile. Vijana wakaenda machimbo ya dhahabu ya Buhemba, ama mashamba ya chai ya Kericho, ama wakaandikwa Keya. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, lakini ukiuliza wazee, sababu ya kwanza huitaja kwa neno moja.

Sasa twaomba ruhusa kuingia nyumbani kwetu kidogo. Babu yetu alikuwa mtu wa shilingi hizo za Kiingereza. Hakujua kusoma, lakini aliijua stakabadhi ya kodi kama ajuavyo ng'ombe wake kwa rangi. Kila mwaka aliyolipa aliikunja mara nne, akaitia katika mkebe wa chai, akaufunga kwa kamba ya katani, akauweka juu ya dari ambako moshi wa jiko huwazuia mchwa. Alipokuwa mzee sana alimkabidhi baba yetu ule mkebe kabla ya kumkabidhi mifugo. Tulipokuwa watoto tuliona ni kichekesho kurithishwa karatasi kwanza na ng'ombe baadaye.

Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwaka 1969 kodi za watu walizotozwa na halmashauri za wilaya zikafutwa, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikaondolewa. Watu wakadhani mkebe umekwisha kazi yake. Lakini sheria za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984, na kodi ya watu wazima ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Jina lilikuwa jema. Halmashauri zilikuwa na shule na zahanati za kutunza, na fedha za kuzitunzia hazikutosha. Bali jinsi ya kuitafuta kodi ile ndiyo iliyotia uchungu. Katika miaka ya 1990 mahali pengi nchini vizuizi viliwekwa njiani na minadani, na mgambo wakasimama na kusema: “Stakabadhi!” Asiyekuwa nayo alikamatwa. Watu wazima, wenye wajukuu, waliruka nyua wakajificha migombani kwa jambo la shilingi chache.

Baba yetu alikamatwa mnadani namna hiyo. Alikuwa amekwisha kulipa, lakini stakabadhi aliiacha nyumbani. Akasema nimelipa, wakasema onyesha. Alikuwa amekuja kuuza dume moja ili atulipie ada ya shule, na dume lile likafungwa mtini pamoja na mwenyewe akikaa chini juani. Sisi ndio tuliotumwa mbio nyumbani. Mama akapanda akateremsha mkebe wa babu, mikono yake ikitetemeka, akamwaga karatasi zote kitandani: za Kiingereza, zenye mihuri iliyofifia, na za halmashauri, zimechanganyika. Ya mwaka ule haikuwamo. Mama akasimama akafikiri. Kisha akaichukua Biblia yake, na ndani ya Zaburi akaikuta, maana baba aliiweka pale Jumapili asiipoteze njiani. Tulirudi mnadani jua limekwisha kupinduka. Mgambo akaisoma, akamfungua baba, hakusema neno. Wanunuzi walikuwa wameondoka. Dume liliuzwa siku hiyo kwa bei ya mtu mwenye haraka, na ada ilitimia nusu.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Twakumbuka siku habari ilipotangazwa katika redio, baba hakushangilia. Aliuliza tu kama waliolipa mwaka ule watarudishiwa.

Na boma la Ikoma je, siku hizo zote? Baada ya uhuru lilipata maisha mengine. Serengeti ilikuwa imefanywa mbuga ya taifa tangu mwaka 1951, na boma likageuzwa kuwa nyumba ya wageni wa kitalii. Fikirini: mahali ambapo babu zetu walipanda wakiwa na rupia 3 mkononi wasijue kama watateremka salama, watu walipanda kwa hiari wakalipa fedha ili walale. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na watalii waliokuwa wakija kutoka Nairobi wakakatika. Boma likapita mikononi mwa askari wa jeshi letu. Hivyo ngome ilianza na askari, ikapumzika kwa watalii, ikarudi kwa askari. Ndiyo maana siku ile sisi na wanachuo wetu tulilitazama kwa chini, tukaendelea na njia yetu.

Mtasema: kodi za nyumba na za vichwa zimekwisha, ya nini kutuchosha? Hazikuisha, ndugu zetu, zimebadili mlango. Leo mtu hadaiwi kwa kuwa ana kichwa. Hudaiwa kwa kuwa ana biashara, ama mshahara, ama jengo. Na habari tutakayosema sasa ndiyo iliyotufanya tuandike haya yote.

Shemeji yetu alifungua duka dogo Sirari, pale mpakani. Akajiandikisha kwa Mamlaka ya Mapato, akapewa namba ya mlipa kodi, akakadiriwa, akalipa miaka miwili. Kisha duka likamshinda, akafunga mlango, akaingia biashara ya samaki. Mlango aliufunga kwa kufuli, lakini hakwenda kusema kwamba amefunga. Katika daftari duka lake lilikuwa hai. Kodi ikaendelea kuandikwa, na juu ya kodi faini ya kutopeleka hesabu, na juu ya faini riba. Barua ilipomfikia, deni lilikuwa kubwa kupita bidhaa zote alizopata kuziweka rafuni. Akafanya nini? Akavuka. Alikwenda upande wa Kenya kwa wajomba zake, vile vile kama watu wa zamani za Wadachi, naye ni mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne. Dada yetu akabaki na watoto, akiulizwa: “Yuko wapi?”

Tulimfuata huko, tukakaa naye usiku mmoja. Alisema neno ambalo wazee wa Ikoma wangalilielewa: “Deni lile halisikii.” Nasi tukamwambia kwamba hapo ndipo alipokosea, maana siku hizi lina masikio, ila hayafiki Kenya. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yampa mtu siku 30 tangu apewe makadirio ili ayapinge kwa maandishi, akieleza sababu, na akilipa ile sehemu asiyoibishia ama theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Asiporidhika na jibu, kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi, mpaka Mahakama ya Rufani. Na asiyeibisha deni bali hana fedha ya kulilipa mara moja aweza kuomba kwa Kamishna aongezewe muda ama alipe kwa mafungu. Siku 30 za shemeji zilikuwa zimepita zamani. Lakini mwaka ule ulikuwa 2018, na serikali ilikuwa imetangaza msamaha: aliyekiri kodi yake ya asili na kuomba kabla ya mwisho wa Novemba aliweza kusamehewa riba na faini zote, mradi kodi yenyewe ailipe mpaka mwisho wa Juni 2019.

Alirudi. Hatutasema alirudi kwa furaha. Alikuja kwa basi la alfajiri, amevaa kofia mpaka machoni, kana kwamba mgambo wa miaka ya 1990 bado wamo njiani. Tulikwenda naye ofisini. Alibeba leseni ya zamani, barua ya mwenyekiti wa kijiji kushuhudia kwamba duka lilifungwa na mwaka gani, na karatasi za malipo ya miaka ile miwili, ambazo dada yetu alizitunza, kwa kuwa yeye ni binti wa mama yetu. Karani alikuwa kijana mdogo. Alizisoma moja moja, akauliza maswali, akasikia majibu. Tulipoona anaandika majibu yale tulimkumbuka baba juani pale mnadani, tukajifanya tunatazama dirishani.

Riba na faini ziliondoka. Kodi yenyewe ilibaki, akailipa kwa mafungu kwa fedha ya samaki, na mara moja kwa mbuzi wawili wa dada yetu, jambo ambalo bado halijamalizika kati yao. Fungu la mwisho lilipelekwa benki mwezi wa Juni 2019. Namba yake ya biashara ya duka ikafungwa, safari hii kwa maandishi.

Alimletea mama ile karatasi ya benki ya fungu la mwisho ili aitie katika mkebe. Mama aliifungua, akaitazama nuruni, akasema wino wake ni hafifu kuliko wa Waingereza. Ni kweli. Karatasi hizi zinazotoka katika mashine hufutika zenyewe baada ya miaka michache, hasa zikiwekwa mahali pa joto; stakabadhi za babu za miaka ya 1930 bado zasomeka. Tukaenda mjini Tarime tukapiga nakala mbili. Moja iko mkebeni, na moja tunayo sisi.